Nusu Kidonge cha Bibi

“...Bibi kanitaja jina, Leah! Siyo Rozi, Ferista! Mimi mwenyewe! Acha wateja wasubiri kidogo, dada, nisikilize!

Unajua tangu nije likizo hapa Iyula, Bibi ananiita Rozi, jina la mama. Siku ya kwanza nilikimbilia chooni kulia, maana mama hatunaye mwaka wa tisa huu. Baadaye nikawa naitika tu. Na Mjomba Zabron kashasema Jumamosi anakuja kumchukua, akakae kwake Tunduma. Bibi, Tunduma! Katikati ya malori, hata mlango wake asiujue!

Sasa sikia. Daktari alituambia presha imeharibu mishipa midogo ya damu kichwani, damu haifiki vizuri, ubongo unakufa kidogo kidogo. Kilichokufa hakirudi, ila dawa za kila siku zinaweza kupunguza kasi. Mimi na uuguzi wangu wa chuo nikamuuliza, ‘Bibi, dawa unameza?’ ‘Nameza.’ Kumbe anakata kidonge! Nusu yake, nusu ya Mama Enoka wa kwaya, kama wanavyogawana mbegu za maharage! ‘Na yeye ana presha, nimnyime?’ Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaisha chenyewe.

Mama Enoka nimempeleka zahanati, ana vidonge vyake. Bibi anameza kizima, namsimamia.

Leo asubuhi tukaosha kahawa. Unakumbuka tulivyokuwa tunaikanyaga kwenye beseni lile kubwa, inateleza, mama anatumwagia maji, Bibi anaimba sauti ya pili? Harufu ni ileile. Nikazubaa. Nikafinywa sikio: ‘We Ferista, mikono hiyo ya kushika kalamu tu? Mama yako angeshamaliza!’

Nililia humohumo kwenye beseni. Nikampigia Mjomba, nikaweka spika, Bibi akamkatiza: ‘Zabron, kahawa yangu nimwachie nani?’ Mjomba akasema, ‘Haya, mama. Baki kwako.’ Mimi nikihitimu narudi hapa hapa.

Halafu Bibi akaanza kunisimulia mama alivyotorokea Itumba kumfuata baba, nguo kafunga kwenye gunia la kahawa! Ulikuwa unajua? Alipofikisha hadithi kwenye kona ya Mbebe, njiani, akaikatiza. ‘Nimechoka. Kesho.’

Daktari alisema siku nzuri zitakuja na kuondoka. Kwa hiyo kesho asubuhi nitakaa palepale kwenye beseni. Aniite Ferista, aniite Rozi, nitaitika, halafu nitakupigia nikwambie mama alifikaje.”