Kilele cha Tatu Wasichokifikia

Asubuhi ya siku ya nne ya kambi, Kocha Burdett aliamka hana sauti. Mafua yalikuwa yamemkaba koo, akawa anaandika maagizo yake kwenye ubao wa jikoni. Siku hiyo ilikuwa ya mbio ndefu: wanafunzi tisa wa timu ya chuo ya skii, mbio za kuteleza juu ya theluji, fimbo mikononi, wapite mgongo wa mlima wenye vilele vitatu kwa saa tano. Theluji ya kutelezea ilikuwa bado mbali, lakini miguu ya Januari hujengwa Oktoba. Chini kabisa ya ubao kocha aliandika: Corinne ataongoza.

Corinne Vashaw alikuwa mwaka wa nne, na ndiye nahodha. Mbio hazikumpa makuu. Katika miaka yote hiyo aliingia mara mbili tu kwenye kikosi cha kusafiri kwenda mashindanoni. Ila alizaliwa bonde la pili kutoka hapo, binti wa mkata miti, na milima ile aliijua kama mtu anavyozijua ngazi za kwao.

Kilele cha kwanza walikipita wakiimba. Baada ya cha pili miti iliisha, upepo ukawapiga ubavuni, na ukungu ukaanza kuwagandia kwenye nywele. Wendell Pruitt, kijana mwenye pumzi kuliko wote, alikuwa mbele akiruka mawe. Corinne alikaa nyuma, na hatua chache mbele yake alikuwepo Linnea Ostby, mwanafunzi mpya kutoka Minnesota, ambaye sifa zake zilifika chuoni kabla yake.

Linnea alidondosha fimbo. Akaiokota, akaidondosha tena.

"Umekula?" Corinne akamuuliza.

"Nitakula juu."

"Kula sasa."

Linnea akatoa mkate wa siagi ya karanga, akautazama kama kitu asichokijua, akaurudisha mfukoni. "Sina njaa. Twende tu."

Corinne alijua baridi kali inavyomwingia mtu: huanza vidoleni, ikaishia kwenye akili. Akapuliza filimbi. Wenzao wakarudi, wakawazunguka.

"Tunashuka," akasema. "Tunafuata njia ya kijito."

"Tunashuka wapi?" Wendell akauliza. "Kimebaki kimoja. Dakika arobaini tu."

"Najua kimebaki kimoja."

"Timu hii haijawahi kurudia njiani, Corinne. Hata ule mwaka wa mvua ya mawe."

"Basi leo itakuwa imerudi."

"Kisa nini? Nani kachoka hapa? Linnea, wewe umechoka?"

"Niko sawa," Linnea akasema. Maneno yalimtoka polepole mno.

Corinne akamvika koti lake la akiba, akamfunga zipu mpaka kidevuni, akamshika mkono, wakaanza kuteremka. Wengine walisimama kidogo, kisha wakafuata. Wendell alikuwa wa mwisho.

Walipofika barabarani jua lilitoka. Mgongo wote wa mlima ukawa peupe, kilele cha tatu kinameta kwa barafu, wala hakuna wingu. Wote wakasimama kukitazama. Corinne angependa mtu aseme lolote.

Maneno yalikuja mezani. "Nahodha," Wendell akasema, "tambi zimepoa kidogo. Tuendelee kula, au turudi nyumbani?"

Watu wakacheka. Linnea naye alicheka, lakini baadaye alimfuata Corinne kwenye sinki.

"Umenitia aibu. Sasa mimi ndiye yule aliyewarudisha."

"Sikukutaja jina."

"Ulinivika koti mbele yao."

Corinne akarudi kwenye sinki. Aliendelea kusugua sufuria.

Kocha alimsikiliza Corinne mpaka mwisho, kisha akaandika ubaoni: Wewe ndiye uliyekuwa juu. Corinne hakujua kama ni sifa au lawama, na kocha akafuta.

Siku ya mwisho walishindana kwa skii za magurudumu, wakipanda mlima kwenye barabara ya lami. Linnea aliwaacha wasichana wote kwa dakika nzima. Corinne alikuwa wa nne.

Wakati wa kurudi chuoni Corinne aliendesha gari, Linnea kando yake. Wengine walikuwa wamelala nyuma.

"Ile njia ya kijito," Linnea akasema kwa sauti ya chini, "ina daraja?"

"Yako mawili. Umeyavuka yote."

"Siyakumbuki. Naikumbuka fimbo, halafu naikumbuka barabara. Katikati hapana kitu."

Corinne akapunguza mwendo. "Mbona hukusema siku ile?"

"Nilidhani yatanirudia." Akageukia dirishani. "Usimwambie mtu."

"Kocha lazima ajue."

"Kocha sawa. Wendell hapana."

"Haya."

Kocha aliambiwa, akampeleka Linnea kwa daktari, na daktari hakuona kilichoharibika. Wenzao hawakujua. Majira yote ya baridi, kila Corinne aliposimamisha gari kujaza mafuta, Wendell aliuliza kama nahodha ameamua warudi. Corinne alicheka pamoja nao. Utani huo ulimchoma kidogo kila mara, lakini alikuwa ameahidi.