Mitundu ya Bondeni

Emilian alikuwa fundi wa mizinga ya magome, na alijijua. Katika kijiji chao, mbali kidogo na Usinge, hakuna mwingine aliyeweza kubandua gome la mti wa mtundu likatoka zima bila ufa, akalikunja, akalifunga kwa kamba na kulipandisha mtini kabla jasho halijamkauka. Kwa hiyo Nestory, mkulima wa hapo kijijini, alipoomba apewe eka sitini za msitu wa kijiji alime tumbaku, Emilian alijiona ndiye mtetezi wa nyuki, wa mlembe, ndege anayewaongoza warina asali, na wa kila kindi aliyemo.

"Msitu ukienda, nyuki wanaenda," aliwaambia watu mkutanoni. "Tutabaki na mabani ya kukaushia tumbaku. Kuni za kuyawashia tutazifuata wapi?"

Mwenyekiti, Bi Paskazia, mama asiyependa maneno mengi, akasema waende kwanza wakauone huo msitu, ndipo wapige kura.

Wakaenda, watu kama hamsini. Mlembe akawatangulia akilia mti hadi mti, na Emilian akatembea kifua mbele kama baba wa bwana harusi. Mambo yalikuwa yanamnyookea. Kisha wakafika bondeni, mahali ambapo mitundu mikubwa ilisimama mikavu, imechunwa magome kiunoni pande zote, haina jani hata moja.

Nestory akasimama. "Mzee Emilian," alisema kwa adabu zote, "na hii imeuawa na tumbaku?"

Watu wakatazama chini. Kila mmoja alijua, maana asali ya mizinga iliyotokana na magome hayo walikuwa wameilamba wote. Emilian angeweza kusingizia mchwa, na wengi wangeitikia kwa kumwonea haya. Miaka thelathini alipita hapo akitazama juu, kwenye mizinga yake. Mashina hakuyatazama.

"Nimeiua mimi," alisema. "Huu, na ule, na ile mitatu kule. Kila mzinga, mti mmoja. Na kule juu iko mingine."

"Basi tumpe Nestory?" aliuliza Bi Paskazia.

"Hapana, mwenyekiti. Tuwekee amri sote wawili. Yeye asikate, na mimi sibandui tena."

Mikono ikanyooka, mingi kuliko alivyotarajia. Nestory akapewa mashamba ya zamani yaliyolala kando ya barabara, akacheka, akasema mzee kajifunga kamba mwenyewe.

Kweli alijifunga. Emilian akanunua mbao za misonobari Usinge, akaanza kupigilia mizinga ya masanduku, fundi mzima akijigonga vidole kama anayejifunza. Lile la kwanza lilipinda.

"Nyuki wataingia humo, waone aibu, watoke," alisema mkewe Levina.

"Watazoea, mama. Hata mimi nazoea," alijibu, na hakuwa na kinyongo.

Mvua za Januari zilipokolea, wakati gome linapoachia shina karibu lenyewe, alikwenda kutundika masanduku yake. Njiani akaukuta mtundu mmoja, umenyooka, hauna fundo. Akaupapasa. Mkono ukamwambia kwamba gome lile lingetoka zima, lingekuwa mzinga mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza maishani mwake. Akasimama pale muda mrefu, mkono ungali kwenye shina, huku nyuki wakivuma juu kwenye maua. Moyo wake ulikuwa umetulia. Kisha akachukua sanduku lake lililopinda, akaupanda mti uleule, akalitundika.