Mtutu Niliomnunulia Baba Mkwe

Mtutu wa bunduki ya baba mkwe wangu, mzee Ovide, ulituna katikati siku alipopiga risasi huku umezibwa na tope. Bunduki yenyewe aliirithi kwa baba yake. Alinuna wiki nzima kama aliyefiwa, nami sikuweza kuvumilia kumwona hivyo. Nikaenda mnadani, nikamnunulia mtutu mwingine, wa mtumba lakini unang'aa, nikampelekea umefungwa utepe mwekundu. Alifurahi mpaka akanibusu kichwani.

Jioni ya kuamkia msimu wa kuwinda bata aliufunga kwenye bunduki, mezani jikoni. Kuufunga si kazi, kazi ni kupima. Risasi ya marisau, ile ya punje ndogondogo za kupigia ndege, ikishakaa ndani, kati ya kitako chake na komeo la bunduki, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, panatakiwa pabaki nafasi finyu sana. Nafasi ikizidi, kitako kinaweza kupasuka risasi inapolipuka, na moto ukarudi nyuma usoni mwa mpigaji. Ovide alikuwa na vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Kimoja alikiita Ndiyo: hicho komeo lazima likifungie. Cha pili, kinene kidogo, alikiita Hapana: hicho komeo lazima likigomee.

"Mkwe, hebu niletee kahawa," alisema akiwa bado na kile cha kwanza mkononi.

Niliporudi na kikombe, vipimo vilishaviringishwa kwenye kitambaa chake.

"Vipi, baba?"

"Ndiyo imekubali, Hapana imekataa. Una jicho la fundi wewe."

"Jicho gani? Nilichagua kwa kung'aa tu."

"Hata mke nilimchagua hivyohivyo," alisema, na mama mkwe akamtupia tambara la vyombo.

Alfajiri tulikuwa kwenye kibanda chetu cha matete, katikati ya kinamasi. Mume wangu alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta huko baharini, hivyo tulikuwa wawili tu, mimi na mzee. Kundi la kwanza la bata lilishuka mbele yetu. Nikapiga, nikapata mmoja. Ovide aliinua bunduki, akawafuata bata kwa mtutu, akaishusha.

"Vipi tena, baba?"

"Walikuwa mbali."

"Mbali! Wale ningewapata kwa kuwarushia kiatu!"

Kundi la pili akasingizia jua. La tatu akasema alitaka kupiga chafya. Huyu ni mtu ambaye shabaha yake inasimuliwa mpaka kanisani. Mimi nina mdomo, sikatai. Nikamwambia amekwisha, kesho abaki nyumbani amenye vitunguu. Alicheka tu. Kicheko kile ndicho kilichoniuma, maana Ovide huwa hakubali kutaniwa bila kujibu.

"Sema ukweli, hukuupenda mtutu wangu."

"Nani kasema?"

"Basi lete niupige mimi, tuone kasoro yake."

Niliinyakua bunduki magotini pake kabla hajajibu. Nikavuta komeo. Ndani hamkuwa na risasi hata moja. Nikadhani kasahau, ndio uzee huo, nikatoa risasi yangu mfukoni nikaanza kuitia. Alinidaka mkono kwa nguvu hata risasi ikaanguka majini.

"Usitie, Corinne!"

Tangu niolewe hakuwahi kuniita kwa jina.

"Ile Hapana ilifunga," alisema polepole. "Ilifunga bila hata kusukumwa. Nikarudia, ikafunga tena. Mtutu huu si wa kupigia, mkwe wangu."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nikuambieje? Umesimama pale na kikombe, uso mzima meno. Nikasema nitaibeba hivihivi tupu msimu huu. Bunduki isiyo na risasi itamdhuru nani?"

"Mimi! Ilibaki kidogo nijilipue uso!"

"Hilo sikulifikiria," alisema.

Nilimgombeza, nikalia, nikamkumbatia, vyote kwa mpigo, kibanda kikitikisika. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote wa ukoo wao, mume wangu anisamehe. Na bado nilitaka kumzaba kofi.

Tuliporudi gatini wanaume walikuwa wamejaa, kila mmoja na bata wake. Rafiki yake wa siku nyingi, Léonce, alichungulia mtumbwini kwetu.

"Ovide! Bata wote wa mkweo? Ndugu yangu, nunua sindano ufume soksi!"

"Macho, Léonce. Uzee hauna dawa."

Kwetu hapa, anayerudi siku ya kwanza mikono mitupu huchekwa mpaka Pasaka. Na yeye alikuwa tayari kuchekwa. Nikarukia gatini.

"Macho yake mazima! Mtutu ndio mbovu, na niliununua mimi. Amekaa asubuhi nzima na bunduki tupu ili nisione haya!"

Léonce akavua kofia. Ovide akaiva uso mpaka masikioni, akaninyooshea mkono nimvute atoke mtumbwini.

"Unaniharibia jina, wewe," alininong'oneza. "Uzee wangenisamehe. Sasa wamejua nina moyo laini, kila mtu atakuja kuazima mtumbwi."

Alishasimama imara juu ya mbao, lakini mkono wangu hakuuachia.