Mtihani wa Baiskeli ya Baba

Kaka yangu Theodori alihudhuria semina ya usalama barabarani siku moja tu, basi nyumba nzima pale Kibaoni ikakosa raha. Jumapili baada ya misa akamwekea baba karatasi yenye alama kumi za barabarani, azitaje. Akikosa zaidi ya nusu, baiskeli inauzwa. Baba ana miaka sabini na minne, na baiskeli hiyo ndiyo inayomfikisha shambani. Bila hiyo atabaki kibarazani kufukuza kuku. Nilikasirika, lakini mimi ndiye mdogo, neno langu halina uzito.

Baba alipata mbili. Pembetatu iliyopinduliwa aliiita kilemba cha jirani yetu mama Digna.

"Mzee, hii maana yake pisha," alisema Theodori.

"Kupisha mpaka nichorewe?"

"Umefeli, baba. Twende barabarani nikuonyeshe wenzako wanavyoendesha, halafu tuiuze."

Tukatoka, Theodori mbele kwa baiskeli yake, baba nyuma, mimi kwenye keria ya baba. Kila gari lilipokuja, baba alishuka, akavua kofia, akamsalimia dereva. Enzi za ujana wake mwenye gari alikuwa padre, na padre hasalimiwi ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Siku hizi anashukia hata bajaji. Nami nilishuka naye mara sita, na viatu vyangu vya kanisani vikawa na rangi ya barabara.

Kwenye njia panda likatokea lori la miwa.

"Hapa haki ya kupita ni yangu," Theodori alitutangazia, akaendelea kukanyaga.

Na kweli ilikuwa yake. Ila lori halikuhudhuria semina. Lilipita, na kaka yangu akaingia mtaroni mzimamzima, rimu ya mbele ikapinda.

Nilicheka kabla ya kuuliza kama ameumia, Mungu anisamehe. Hakuumia. Baba alimvuta mkono, akamfuta tope usoni.

"Haki yako nimeiona, mwanangu. Sasa hii baiskeli tumuuzie nani?"

"Twende tu nyumbani, baba."

Baba akampakia kwenye keria, mimi nikawa nakokota ile iliyopinda. Hatukufika mbali, bodaboda ikatokea kule mbele. Baba hajaiona bado, Theodori ameshashuka, amesimama majanini. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi.

Kaka yangu akamwamkia, "Shikamoo."