Mlango wa Kabati Namba Thelathini na Moja

Nimefua jezi katika miji mingi, mingine nimeisahau, ila Adelaide ndiko walikonikabidhi na kopo la rangi. Kwenye klabu yetu ya futiboli ya Kiaustralia, mwanamke akifikisha mechi ishirini na tano, jina lake linaandikwa kwenye mlango wa kabati lake, na linabaki hapo hata akishaondoka. Mwandishi ni mimi.

Tamsin Hoskyn alikuwa na ishirini na nne. Misimu saba, goti moja limepasuliwa mara tatu. Wiki ile kocha alishamwambia mkataba hauongezwi. Ilibaki mechi moja tu, ya Jumapili, na jina lake likasomwa kwenye akiba. Maana yake unapasha mwili moto na wenzako, halafu asipoumia mtu, unavaa trakisuti na kuwabebea maji.

"Wazazi wanakuja?" nilimuuliza siku hiyo, nikipanga soksi.

"Baba yuko kwenye mashine, anavuna ngano. Eti atasikiliza redioni."

"Si vizuri?"

"Asikilize nini, Mzee Des? Nikigawa chupa?"

Alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake na mkate wake wa kuchoma. Wenzake, watoto wa juzi, walikuwa wanamwita Bibi.

"Bibi, goti linasemaje? Mvua ipo?"

"Ipo, na itawanyeshea nyie!"

Wakacheka, naye akacheka, kisha wakatoka kundi zima bila yeye. Mkate akaumaliza taratibu, akawafuata uwanjani.

Nusu saa kabla ya mechi, Ivy Castellani, wa miaka kumi na tisa, akarudi chumbani akichechemea, kocha nyuma yake, Tamsin nyuma ya kocha.

"Paja limebana, kocha. Siwezi."

"Hosko," kocha akamwambia Tamsin, "vaa jezi."

Nilikuwa nayo mkononi. Aliipokea, akaishika kifuani, akamtazama Ivy. Aliona nilichokiona mimi: msichana aliingia akichechemea mguu wa kushoto, na sasa kashika paja la kulia.

"Ivy, ni mguu upi?"

Ivy akauondoa mkono pajani.

"Hebu ruka."

"Dada, cheza tu. Mimi nina miaka kumi mbele."

"Ruka, nimesema!"

Ivy akaruka mara tatu, machozi yakimtoka. Tamsin akanirudishia jezi.

"Mzima huyu," akamwambia kocha. "Akacheze mechi yake."

Tulishinda kwa pointi tano. Wakaimba wimbo wa klabu wakiwa duara, mikono mabegani. Asiyecheza haingii. Ivy alimpungia Tamsin mkono aje. Yeye akainama kuokota chupa.

Walipokwenda kula pai, alikuja kuchukua vitu vyake, akanikuta pale kabatini na burashi. Tangu Alhamisi nilikuwa nimeshachora jina lake.

"Umeniandika, Mzee?"

"Penseli tu. Niache nipake rangi. Nani atahesabu?"

"Mimi."

Akalowesha kidole kwa mate, akaanza kufuta kutoka herufi ya mwisho, moja moja, bila haraka. Alipofika kwenye T, simu yake ikalia.

"Naam, baba," alisema, akiugeukia ukuta. "Hapana, sikucheza... Hapana, siumwi... Ngano ikoje mwaka huu?"