Dola ya Junda na Sahani ya Jirani

Asubuhi wapangaji wa ploti moja ya Junda walipotangaza kuwa wao sasa ni dola ya kikomunisti, Philister alikuwa uwanjani akikaanga mahamri ya kuuza. Bomba, choo na kamba za kuanikia vikawa mali ya wote. Dishon, mwendesha kreni bandarini, akapewa mambo ya nje, kwa kuwa alishaona meli za kila taifa.

Siasa yake ya nje ilikuwa fupi: amani na majirani wote, na mapatano yote ya zamani yamefutwa. Kwa hiyo alimrudishia Bi Mwanarehema wa nyumba ya pili sahani yake, aliyokuwa ameileta jana na mbaazi za nazi. Ilikuwa imeoshwa vizuri na haina kitu ndani.

"Shikamoo, Bi. Dola yetu haidaiwi."

"Marahaba. Sahani yangu wanirudishia tupu, Dishon? Nimekukosa nini?"

"Si wewe. Ni ubepari."

"Na mbaazi za ubepari umezila."

Akafunga mlango. Dola ikabaki bila rafiki.

Alasiri akaja Kamau, wakala wa mwenye ploti. Mwenye ploti mwenyewe hakuna mpangaji aliyewahi kumwona.

"Wakomunisti, mko aje? Mkitaka niwaachie vyumba, nipeni uwanja."

Dola haikuwa na jeshi. Dishon akampa mkono.

Kamau akavua viatu, akainama pembeni, akaukunja uwanja kama mkeka, na meko ya Philister ndani yake. Kuku wakaruka kando. Akautia begani, akaenda zake. Pakabaki pengo lisilo na chini, watu wakawa wanapita kwa kujibanza ukutani.

Philister alisimama mlangoni, karai mkononi. Uwanja ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe.

"Kesho nitakaangia wapi?"

"Hii ndiyo amani, dada."

"Basi wakaangie watoto wangu hiyo amani yako, wale."

Kabla ya magharibi Bi Mwanarehema akapiga hodi. Alibeba sahani ile ile, na juu yake kipande cha uwanja wake mwenyewe, kimekunjwa na kufunikwa kawa.

"Nawaona mwapita ukutani kama mijusi. Tandikeni."

Wakakitandika. Kilikuwa bado kibichi kwa maji ya kuoshea vyombo, na kichaka cha asumini kimesimama ukingoni. Kilitosha jiko, na watu wawili kupishana. Philister alilia kidogo, kisha akatia mkaa.

"Dola inashukuru," Dishon akasema.

"Dola siijui. Wewe je?"

"Nashukuru, mama. Nilikosea."

Kulipokucha sahani ilirudi kwake imejaa mahamri ya moto, na hiyo ndiyo siasa ya nje ya dola ile mpaka leo. Bi Mwanarehema sasa huanika nguo barazani, maana kwake uwanja umepungua. Hajalalamika, na Philister hajakosa kumpelekea sahani hata asubuhi moja.

Uwanja wa zamani umeegemezwa nyuma ya mlango wa ofisi ya Kamau, na bado unafuka moshi.

Mwisho wa mwezi alikuja tena. Wakamkaribisha chai na mahamri. Alikula, akasifu iliki, akashukuru. Kisha akavua viatu, akainama kwenye pembe ya chumba cha kwanza.