Sitini Jumlisha Themanini i

Hasira zangu ni za karibu, hilo sikatai. Lakini siku ile Chwele nilikuwa na haki, bana.

Mwaka wa 2002 nilikuwa nasomea stima chuoni Kitale pamoja na Bethwel Rotich, mzaliwa wa Tuwan, mtaa wa hapo hapo Kitale. Tulipofika kwenye namba changamano, zile zenye sehemu halisi na sehemu ya i, darasa zima lilichanganyikiwa. Mwalimu Makokha akatutoa uwanjani, akasimika kijiti kiwe sufuri, akatuambia tuzitembee hizo namba kwa miguu. "Mhimili wa i unaelekea mlimani," alisema akionyesha Elgon. "Utazame mlima. Namba halisi utembee kulia, kisha i utembee mbele." Nilizitembea na Bethwel jioni baada ya jioni, mpaka nikampenda. Basi.

Kisha Bethwel akapata kazi Lodwar. Aliniuliza kama nitamngoja anioe. Nikasema nitamjibu Jumatatu, siku ya soko la Chwele, kwetu Bungoma, kabla hajasafiri. Hatukuwa bado tumepanga tukutane wapi bila kuonekana, maana shangazi zangu wamejaa soko hilo.

Siku ya kufunga chuo, kaka yangu Wekoye alikuja kunichukua. Bethwel akaniambia mbele yake, "Nelima, usisahau lile swali. Sufuri ni nguzo ya stima iliyo katikati. Hatua sitini jumlisha themanini i."

"Hata likizo ni hesabu?" Wekoye akacheka. "Nyinyi ni wagonjwa!"

Jumatatu nilifika Chwele na jibu langu mdomoni: ndiyo. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima, lakini mtoto wa Bungoma hahitaji kuuona. Sisi mlima wetu uko kaskazini. Nikaelekea huko, nikahesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya katikati ya soko kama Bethwel alivyoniagiza, sitini kulia na themanini mbele, nikaishia kwa wauza kuku.

Nikangoja, nikangoja. "Dada, umetumwa kuku ama umetumwa kusimama?" muuzaji mmoja akanitania. Roho ilinichemka. Ati mwanamume ananiita halafu haji! Njia ya mwongo ni fupi, nikasema, nikaenda nyumbani kulia.

Chuo kilipofunguliwa, Bethwel alikuwa ameshaenda Lodwar, wala hakuacha anwani. Jioni moja nilisimama pale uwanjani peke yangu, nikaona jua likizama nyuma ya Elgon. Mtu wa Kitale tangu azaliwe anajua mlima uko machweoni! Na siku ile Chwele mlima haukuonekana. Bethwel alielekea machweoni, mimi kaskazini.

Ukizidisha namba kwa i, inageuka robo mzunguko. Masikini, mimi na yeye tulitofautiana kwa hiyo robo tu.

Siku ya soko nilirudi Chwele. Nikasimama kwenye nguzo, nikaelekea jua linakotua, nikahesabu upya. Nikafika kwa Mama Peris, muuza ndizi.

"Mama, kuna kijana mrefu alisimama hapa kabla ya shule kufunguliwa?"

"Nitamsahau aje? Alisimama mpaka nikafunga mizigo. Nikamwambia, mwanangu, labda msichana amepotea."

"Akasema nini?"

Mama Peris aliacha kupanga ndizi, akanitazama vizuri.

"Akacheka kidogo tu. Akasema, 'Nelima hapotei, mama. Huyo hajawahi kukosa hesabu. Kama hayuko hapa, jibu lake ni hapana.'"

"Ilikuwa ndiyo," nikasema. Lakini aliyenisikia ni Mama Peris.